Mrejesho: Akili mnemba kwa vitendo darasani, Mwanza

Niliuliza namna ya kuwafundisha wanafunzi wa sekondari kuihoji akili mnemba badala ya kuiamini tu, nami nawashukuru sana mlionishauri waijenge wenyewe. Kwa kutumia Teachable Machine, zana ya Google ya mtandaoni ya kuifunza kompyuta kwa mifano, waliifundisha kompyuta kutofautisha sato na sangara kwa picha walizopiga sokoni Mwaloni, Kirumba. Lakini kwa kuwa sato wengi walipigwa picha ndani ya beseni la bluu na sangara juu ya meza, kompyuta ilishika mandhari badala ya samaki: sangara aliyetiwa ndani ya beseni hilo aliitwa sato, tena kwa asilimia kubwa ya uhakika. Hapo maswali yakafumuka: nani alichagua picha, kipi kiliachwa, na asilimia hiyo inapima nini hasa? Sasa wanapiga picha upya, kila samaki katika mandhari zote mbili.