Ushauri: nimsome bondia gani nijue kupiga mwili, uzito wa juu?

Mleta uzi: Wakuu, heshima kwenu. Ni bondia wa ridhaa, uzito wa juu, kimo mita 1.90. Kocha analalamika kwamba nawinda kichwa tu. Ikifika raundi ya tatu mpinzani bado ana pumzi, mimi mikono imeshakuwa mizito. Kaniagiza nitazame wapigaji wazuri wa mwili. Nimeanza na Joe Frazier na Mike Tyson. Nawapenda mno, ila nikijaribu kuingia kama wao nakula ngumi njiani. Nimfuate nani?

Mzee wa Kona: Frazier usimwache, kijana wangu. Watu wanakumbuka konde la kushoto lililomwangusha Ali raundi ya 15, tarehe 8 Machi 1971. Rudi raundi za mwanzo uone mbavu za Ali zilivyokuwa zinatwangwa. Tyson naye ana kitu kimoja cha kuiba: mkono wa kulia kwenye mbavu, kiwiko cha mpinzani kinashuka, mkono uleule unapanda kidevuni.

Chembe cha Moyo: Mzee, shikamoo. Nakubali, ila kimo kinamkatalia. Frazier alikuwa na mita 1.82 hivi, Tyson mfupi zaidi. Wale tayari wako chini. Mtu wa 1.90 akiinamia kiuno anapeleka kidevu kwenye ngumi inayotoka chini. Mkuu, kunja magoti, mgongo ubaki wima.

Mtazame Riddick Bowe, mita 1.96, anavyofanya kazi karibu na Holyfield mwaka 1992. Halafu Agit Kabayel, Mjerumani mwenye asili ya Kikurdi. Huyo kwangu ndiye bora kwa sasa, tena kwa mbali. Makhmudov, Desemba 2023, raundi ya 4. Sanchez, Mei 2024, raundi ya 7. Zhang, Februari 2025, raundi ya 6. Wote Riyadh, wote walimalizwa kwa mwili. Makhmudov na Sanchez walikuwa hawajawahi kupoteza!

Kamba ya Tatu: Foreman mmemsahau?

Mzee wa Kona: Marahaba. Foreman alikuwa na nguvu za kutisha, lakini tazama Kinshasa, Oktoba 1974. Ali kaegemea kamba, viwiko vimefunika mbavu, Foreman anaitwanga mikono ya Ali tu kwa nguvu zote. Raundi ya 8 akaanguka. Ukikuta viwiko vimefunga, usivitwange. Piga kichwa kwanza, ngumi nyepesi tu, viwiko viinuke, ndipo ushuke kwenye ini.

Chembe cha Moyo: Na mkono wa kulia usitoke shavuni ukishusha wa kushoto. Hata Kabayel aliangushwa na Zhang raundi ya 5 kabla ya kummaliza.

Mleta uzi: Asanteni sana. Mpinzani wangu ajaye ni mashoto. Kwake ini nalifikaje?

Chembe cha Moyo: Upande wake wa kulia ndio uko mbele, kwa hiyo ini liko jirani nawe. Ila kiwiko cha mbele kinalilinda, usianze nalo. Mguu wako wa kushoto uwe nje ya mguu wake wa mbele, upige kulia moja kwa moja katikati, kwenye chembe cha moyo. Akikusanya mikono kuziba hapo, kushoto kwako kunazunguka nyuma ya kiwiko. Piga uondoke. Ngumi ya ini huchelewa kidogo kuuma. Usibaki mbele yake ukisubiri aanguke.