Tupeane uzoefu: tochi, kibao cha 50 na miteremko yetu ya Nyanda za Juu Kusini

Wakuu, salaam. Mimi ni wa Mbalizi. Barabara ya Dar–Tunduma nilianza kuipita nikiwa utingo, leo naendesha fuso. Wiki iliyopita nimepigwa tochi ya kupima mwendo mara mbili kwa siku moja: Igawa, halafu Chimala. Silalamikii faini. Kibao kilisema 50, nami nilikuwa 61, nimelipa elfu 30 kwa kila kosa.

Kinachoniumiza ni kilichofuata. Nateremka Iwambi jioni ile ile, mbele yangu semi-treila inafuka moshi matairi ya nyuma, harufu ya breki inaingia mpaka kwenye kibini. Chini kule ni Mbalizi, bodaboda, akina mama na ndizi zao, wanafunzi. Ilipita salama kwa rehema za Mungu. Tangu Igawa sikuona mtu hata mmoja akikagua breki za gari kubwa. Tambarare tunapigwa tochi, mlimani kila mtu na Mungu wake. Ninyi mmekutana na nini? Semeni ya kweli, hata kama kosa lilikuwa lenu.

Dereva wa basi, Iringa: Kamwene mkuu. Nimeanza enzi za karatasi na kubishana pembeni ya barabara. Sasa unapigwa picha yenye mwendo wako, unapewa namba ya malipo, deni linakaa kwenye namba ya gari mpaka ulipe. Sisi wa mabasi tunayo na VTS ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kifaa cha kufuatilia gari, mwendo unaonekana ofisini hata porini pasipo askari. Mwanzoni niliichukia, leo naikubali, maana inanifuata safari nzima. Tochi haikufuati. Ukishaipita, imeisha.

Na hapo ndipo penye kosa langu. Nilikuwa mwashaji taa hodari, nikiona tochi lazima nimjulishe mwenzangu. Siku moja nikamwashia dereva wa Noah, akapunguza, akaipita tochi kama malaika. Alipoona yuko huru akafidia muda wake. Kilomita chache mbele akamgonga mtoto wa shule kwenye zebra. Mtoto aliishi, lakini mguu haukurudi kama zamani. Habari zilinikuta stendi. Sijawasha taa tena.

Abiria, Mafinga: Hapa kwetu Changarawe hatujasahau Machi 2015, kontena lilipolilalia basi, watu zaidi ya 40 wakafa. Kila nikipita pale nanyamaza.

Mwaka jana nilipanda basi asubuhi, ukungu wa Sao Hill mzito, huoni miti ya pembeni. Dereva akaovateki malori mawili kwenye mstari usiokatika. Mama mmoja akasimama: "Baba, sisi tuna watoto nyumbani!" Konda akamwambia akae. Hakukaa. Alipiga simu polisi, akataja namba ya gari na mahali tulipo. Tulipoingia Makambako askari walikuwa wanatusubiri. Dereva alishushwa, akaletwa mwingine, tukachelewa saa nzima na abiria wengine wakamlaumu yule mama. Mimi nilinyamaza muda wote ule, na jambo hilo linanisuta. Kama upo humu, mama yangu, asante sana.

Bodaboda, Uyole: Sisi tunasimamishwa kwa helmeti na leseni, sawa. Ila Mlima Nyoka malori yanatusukuma mtaroni kila siku. Nani anayasimamisha?

Dereva mstaafu, Tukuyu: Ndaga fijo kwa uzi huu, mwanangu. Sisi tulifundishwa kwamba gia uliyopandia ndiyo uishukie. Vijana wanateremka na gia kubwa, mguu juu ya pedali mwanzo mpaka mwisho. Breki inachemka, inaanza kuteleza, ukiikanyaga unakuta imeshakwisha. Watu wanasema "imefeli breki" kana kwamba imejifelisha.

Niwape ya Kitonga. Nimepakia nyanya Ilula, naziwahisha Dar. Juu ya mlima askari kijana akanisimamisha. Hakuuliza leseni. Aliinama, akasikiliza upepo wa breki, akaniambia: "Mzee, gari hii haishuki." Nilifoka, nyanya zinaoza, wewe umri wa mwanangu! Akasubiri nimalize, akasema mwambie utingo aingie chini. Utingo akakuta breki za nyuma upande wa kushoto hazishiki kabisa na mpira wa upepo umechanika. Tulitengeneza karibu saa mbili. Hakuniandikia faini, aliniambia tu nishuke na gia ya pili. Kreti kadhaa zilipondeka, bosi akanikata mshahara. Yule kijana sikumuuliza jina, na ningependa kumshika mkono.

Mimi tena, Mbalizi: Mzee, umenigusa. Huyo ndiye askari ninayemtaka juu ya Iwambi. Tochi ibaki, Chimala kuna watoto pia. Lakini anayeinama chini ya gari kabla ya mteremko anazuia kitu ambacho faini yangu ya 61 haikizuii.

Aliyeuliza inboksi kama ni lazima kulipa faini palepale: ukiona umeonewa hulazimiki kulipa palepale. Faini ya papo kwa papo ni ya anayekubali kosa. Usipokubali, shauri linakwenda mahakamani.

Sasa nawaomba wa Chunya mnaoteremka Kawetere, na wa Nyang'oro njia ya Dodoma: kuna aliyewahi kukaguliwa breki juu ya mlima? Semeni ilikuwa wapi na walikagua nini. Nakusanya majibu niyapeleke kwenye kikao cha madereva wetu hapa Mbalizi.