Tangi la mashindano limezibwa kwa bodifila: nadai fedha zangu

Asalaam alaykum waungwana.

Gereji moja ya hapa Unguja, ambayo kwa sasa sitaitaja jina, imepokea kwangu shilingi 650,000 ili initengenezee tangi la petroli la aluminiamu kwa ajili ya pikipiki yangu ya mashindano, na nilichokabidhiwa ni kopo lenye rangi ya kupendeza linalovuja juu ya injini. Naandika hapa kwa sababu mwenye gereji ameacha kupokea simu zangu, na kwa sababu najua wapo vijana wengine waliokwishatoa advansi kwake.

Makubaliano yetu hayakuwa ya mdomo. Nilimpa fundi karatasi yenye vipimo, pamoja na umbo kamili la tangi nililolikata kwa maboksi na kulijaribisha juu ya fremu mpaka usukani ukageuka pande zote bila ya kugusa. Tulikubaliana bati la aluminiamu la milimita 2, ujazo wa lita 12, kuta mbili za ndani zenye matundu, bomba la kupumulia lenye kilango cha kuzuia petroli isimwagike pikipiki ikilala, na miguu ya kufungia itakayokaa juu ya mipira ili mtetemo wa injini usipasue maungio. Hayo si mapambo. Lita 12 za petroli zina uzito unaokaribia kilo 9, na uzito huo ukiachwa uteleze mbele na nyuma ndani ya tangi lisilo na kuta za ndani, pikipiki hukataa kutulia pale pale unapofunga breki kuingia kwenye kona. Aluminiamu niliichagua kwa sababu uzito wake ni kama theluthi moja tu ya chuma cha pua kwa ujazo ule ule, na pia kwa sababu hewa yetu ya chumvi inakula bati la chuma kwa ndani huku wewe mwenyewe unatazama rangi ya nje.

Unene wa bati la tangi nililopewa nimeupima kwa venia, kile kipimo cha vitu vyembamba: ni milimita 1. Nilipomulika tochi ndani kupitia mdomo wa mfuniko, ukuta wa ndani sikuuona hata mmoja. Bomba la kupumulia ni tundu lililotobolewa kwenye mfuniko, halina kilango wala mpira wa kupeleka petroli chini, maana yake ni kwamba siku nitakapoanguka petroli itanimwagikia mimi na bomba la moshi kwa pamoja.

Nilitia lita chache ili niwashe injini. Asubuhi yake rangi ilikuwa imevimba kando ya mshono wa chini, na nilipoigusa kwa kucha ikatoka pamoja na bodifila, ile rojo ya kuzibia mabonde ya bodi ya gari kabla ya rangi, iliyolainika kama ugali wa jana. Chini yake mshono wote ulikuwa mweusi wenye vitundu vidogo vidogo. Mtu yeyote aliyewahi kushika kazi hii ya kuchomelea anajua sababu yake: juu ya aluminiamu kuna utando wa oksaidi unaohitaji zaidi ya nyuzi 2,000 kuyeyuka, ilhali aluminiamu yenyewe iliyo chini inayeyuka kwenye nyuzi 660, hivyo usipousugua utando huo kwa brashi safi, ukafuta mafuta, ukachomelea kwa umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo) na gesi ya argoni ya kutosha kuzuia hewa isifike kwenye mshono, unachopata si mshono, ni uji wenye mapovu. Fundi alijua kwamba mshono haukushika. Angekuwa hajui, asingepaka bodifila.

Nilipolirejesha, jibu la kwanza la fundi lilikuwa: "Sheikh wangu, hilo linatoka jasho tu, lipake sabuni ya kipande." Sabuni ya kipande! Hiyo ni dawa ya mtu aliyekwama njiani Makunduchi usiku na anataka afike nyumbani, haiwezi kuwa kazi ya gereji iliyolipwa fedha kamili kwa tangi jipya.

Nikamwambia basi tulipime mbele yangu. Upimaji wa tangi ni jambo jepesi: unaziba matundu yote, unatia hewa kidogo sana, kiasi cha baa 0.2 (baa ni kipimo cha msukumo wa hewa), kisha unapaka maji ya sabuni kwenye mishono na kutafuta mapovu. Yeye alichukua mpira wa kompresa ya kujazia tairi na kuuachia. Baa 2 za hewa kwenye ubavu wa sentimita 30 kwa 20 ni msukumo wa zaidi ya kilo 1,200, na bati lile la milimita 1 lilitoa mlio mmoja likafura pande zote mbili. Sasa halikai tena kwenye fremu. Kutahamaki naambiwa kwamba kosa ni la aluminiamu, ati "haina nguvu", na kwamba nilimlazimisha kupima.

Hata hilo ningelisamehe. Ambalo silisamehe ni kwamba alilibeba tangi lile lile, ambalo lilikuwa limetoka kumwagwa petroli muda mfupi tu, halijaoshwa wala halijajazwa maji, akaliweka mezani na kuwasha mtambo wa kuchomelea ili azibe vitundu, huku mwanafunzi wake, mtoto wa kiasi cha miaka 15, amelishika kwa mikono miwili. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu la kaskazi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo unabaki umelala ndani hata kama mfuniko uko wazi, na unatosha kulipuka ukiwa asilimia moja na nusu tu ya hewa iliyomo. Tangi tupu lililotoka kumwagwa ni la hatari zaidi kuliko lililojaa. Nililivuta tangi kutoka mezani, maneno yakawa makali, na tangu siku hiyo simu haipokelewi.

Nafasi niliyoishika kwenye meli ya kwenda Dar es Salaam imepotea na mashindano yatapita bila ya mimi. Hilo silidai. Nadai shilingi 650,000 zirudishwe zote, kwa sababu hakuna hata kipande kimoja cha kazi hii kinachoweza kutumika tena, na nadai mwenye gereji aeleze hapa hapa mambo mawili: bati la milimita 2 nililolilipia limekwenda wapi, na nani alitoa amri ya kupaka bodifila. Nampa mpaka Ijumaa ijayo, baada ya hapo nitalipeleka tangi lenyewe, pamoja na karatasi ya makubaliano yenye saini yake, kwa sheha wa shehia yake.

Na wewe uliyetengenezewa tangi hapo mwaka huu, kabla ya kulitia petroli tena, kwangua rangi kwenye mshono wa chini, upande wa bomba la moshi. Ukikuta bodifila, tia picha kwenye uzi huu.