Kwa nini korosho yetu ikabanguliwe Vietnam?

MwanaKitangari: Habari za jioni wadau. Baba yangu ana mikorosho huku Newala, na leo nilimsindikiza mnadani. Wanunuzi karibu wote wanapeleka korosho ghafi Vietnam na India. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa Kusini miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vingi viliishia kuwa maghala. Vijana tupo, kazi hakuna. Kwa nini serikali isipige marufuku kusafirisha ghafi?

Mbanguaji: Mwanangu, nimebangua kiwandani miaka mingi, malipo kwa kilo. Mafuta ya ganda yanababua vidole, lakini kazi ile imesomesha wanangu. Kilichotuumiza ni ghala kuishiwa korosho. Kiangazi kikiingia tunaambiwa tukae nyumbani mpaka msimu mwingine. Ila hilo la marufuku siliungi mkono, na mimi nina mikorosho.

Mhasibu_Masasi: Mama amegusa penyewe. Nimeshika vitabu vya kiwanda kidogo cha kubangua, nakupa hesabu yake. Korosho yetu inaingia sokoni kuanzia Oktoba. India na Vietnam wanavuna kuanzia Februari hivi. Katikati hapo viwanda vyao vina njaa, ndiyo maana wanapandisha bei huku na mkulima anafaidi. Sasa kiwanda cha hapa kinashindana nao kwenye mnada uleule, tena kinatakiwa kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi michache, kwa mkopo ambao riba yake inatembea hata korosho ikilala ghalani. Kilo 4 za ghafi zinatoa kama kilo 1 tu iliyobanguliwa. Ukikosea bei kidogo mnadani, faida imeondoka yote. Mwenzetu wa Vietnam ananunua kwetu, Afrika Magharibi na Kambodia, mashine zake hazilali.

Ukifunga mlango wa ghafi, wanunuzi wanapungua, bei inaanguka, na kangomba, wale walanguzi wanaonunua kwa vipimo nje ya mnada, wanarudi vijijini na vibaba vyao. Atakayeumia ni mzee wako. Mimi nadai ushuru unaotozwa korosho ghafi ikisafirishwa uwakopeshe wabanguaji kwa riba nafuu.

MwanaKitangari: Nimekuelewa kaka. Na vile vikundi vya akina mama wanaobangua nyumbani, haviwezi kutengewa mzigo kwa bei ya wastani ya mnada? Nimemuuliza mzee, anasema magunia machache angewauzia hata kesho, mradi alipwe siku hiyohiyo.