Okestra ya Haydn: Bolzano na Trento wagawane, au waendelee kula sahani moja?

Fidla_Mbovu: Wadau salaam. Okestra ya Haydn ya Bolzano na Trento, kule kaskazini mwa Italia mpakani na Austria, ipo tangu 1960 na inakula kodi ya mikoa miwili. Mkoa wa Bolzano wengi wanazungumza Kijerumani, Trento wanazungumza Kiitalia. Tangu sheria ya 1972 kila mkoa una madaraka yake na mfuko wake. Sasa ya nini okestra moja yenye mabwana wawili? Naona kila mmoja awe na yake. Na hilo jina, Haydn, mtunzi wa muziki Mwaustria, sijui lilipenyaje huko. Nawasilisha.

MamaKwaya: Mada nzuri, mkia mbovu. "Lilipenyaje" ndiyo nini? Haydn alipenya mlango wa mbele.

Juma_wa_Brenner: Fidla, tuanze na historia. 1957 wasemaji wa Kijerumani walifurika ngome ya Sigmundskron, karibu na Bolzano, mbele yao kiongozi wao Silvius Magnago, kilio kimoja: tuachane na Trento! Walikuwa wamefungwa nao jimbo moja ambalo Waitalia ndio wengi. Miaka mitatu tu baadaye inaanzishwa okestra inayobeba majina ya Bolzano NA Trento. Juni 1961 nguzo za umeme zinalipuliwa usiku mmoja kotekote mkoani. Okestra ikavuka yote hayo ikiwa nzima. Leo kuna amani na pesa ndiyo mnaleta habari za kugawana?

Mpwani_Halisi: Mimi namuunga mkono Fidla kwenye jina. Haydn ndiye katunga wimbo wa taifa wa Austria. Waitalia wamekufa kwenye milima hiyohiyo wakipigana na Austria vita ya kwanza, halafu leo walipe kodi chini ya jina hilo?

MamaKwaya: Umekurupuka, kaka. Ule muziki wa 1797 ulikuwa wa kumwombea Kaizari Franz, na leo ni wimbo wa taifa wa UJERUMANI. Austria wana wao mwingine kabisa.

Mpwani_Halisi: Ujerumani tena? Basi ndiyo imezidi kuwa mbaya. Asante kwa kunisaidia hoja.

MamaKwaya: 😂 Huyu mtu hazami hata umfunge jiwe.

Juma_wa_Brenner: Na hao Watrento mnaowaita Waitalia walikuwa chini ya Austria mpaka 1918. De Gasperi, waziri mkuu aliyeisimamisha Italia baada ya vita ya pili, ni mtu wa Trento na aliwahi kuwa mbunge Vienna. Mozart naye, ana miaka 13, Desemba 1769, katika safari yake ya kwanza Italia alianza kuwapigia watu wa Rovereto, mkoa huohuo wa Trento. Njia hiyo muziki unapita siku nyingi. Ila hakuna aliyenijibu la 1957.

Buda_Nakuru: Wacheni nicheke. Mnapigania jina, na ukiingia hizo kumbi nusu ni wazee wamelala fofofo. Kodi inalipia usingizi.

MamaKwaya: Wewe uliwaona wapi wamelala?

Buda_Nakuru: Naishi Italia, mama. Mbele yangu mzee alikoroma hadi fidla zikapata mwenza.

MamaKwaya: Dawa yao Haydn aliitoa kitambo. Simfonia namba 94, London, 1792. Muziki unanyatia, unanyatia, halafu okestra nzima: PAAA! Aliwaamsha waliolala.

Zumari_la_Kale: Hiyo ni stori ya mtaani. Haydn mwenyewe alipoulizwa alikana, akasema alitaka tu kuwashangaza watu kwa kitu kipya.

Buda_Nakuru: Kwa hivyo hata yeye aliulizwa habari ya watu kulala. Tangu hizo siku! Nimeshinda.

MamaKwaya: Umeshinda nini? Aliyezoea spika za matatu hawezi kusikia fidla ikinong'ona.

Buda_Nakuru: Matatu usiguse. Kwa matatu halali mtu.

Fidla_Mbovu: Jamani turudi kwenye mada. Hoja yangu ilikuwa jina litazamwe upya, sikusema okestra ivunjwe.

Juma_wa_Brenner: Bandiko lako la kwanza liko hapo juu, mkuu. "Kila mmoja awe na yake." Tena ukigawa hupati okestra mbili, unapata vikundi viwili vinavyoazimana tarumbeta. Halafu ugaweje? Mji wa Bolzano wenyewe wengi ni wasemaji wa Kiitalia, Kijerumani kimejaa mabondeni na vijijini. Kazi za serikali huko zinagawanywa kwa uwiano wa lugha. Na fidla ya pili tuipimie mizani hiyo?

Zumari_la_Kale: Halafu kuna Waladini, lugha yao ya tatu humo milimani. Uzi mzima hakuna aliyewataja.

Mpwani_Halisi: Usituongezee tena watu.

Zumari_la_Kale: Nani kakwambia ni wa kuongezwa? Walikuwepo kabla ya hao mnaogombana kwa niaba yao. Na kuhusu jina: chuo cha muziki cha Bolzano kinaitwa Monteverdi, mtunzi Mwitalia. Okestra inaitwa Haydn, Mwaustria. Mashindano ya piano ya mji huo, yaliyoanza 1949 na mpiga piano Argerich akayatwaa 1957, yanaitwa Busoni, mtunzi aliyezaliwa Empoli, Italia, akafia Berlin. Ngoma droo. Mnadai nini?

Mpwani_Halisi: Kwanza Argerich ni Muajentina.

Zumari_la_Kale: Sasa hilo nalo linajibu nini?

MamaKwaya: Mimi bado namsubiri Buda ataje ukumbi. Mzee alikoroma wapi?

Buda_Nakuru: Sitaji, mtamharibia mzee wa watu. Lakini alikuwa na tiketi, na mimi nilipopiga makofi simfonia haijaisha ndiye alifungua macho akanikazia.

MamaKwaya: Kumbe ulipiga makofi katikati! Hapo mzee yuko sahihi.

Zumari_la_Kale: Sahihi kwa lipi? Enzi za Haydn watu walipiga makofi katikati, na kipande kikiwakolea kinarudiwa papo hapo. Huu ukimya wa msibani umekuja baadaye.

MamaKwaya: Zumari, usimpe kiburi huyu.