Mnakata matangazo kabla Waafrika hawajashuka, halafu mnasema hatupendi michezo ya baridi!

Wakuu, salaam. Najua wengi tuko kwenye mfungo, wengine Ramadhani, wengine Kwaresma, na hasira si mzigo wa kubeba wakati huu. Mnisamehe. Tangu Olimpiki ya baridi ya Milano Cortina 2026 ifungwe kule Verona, Italia, Jumapili nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa. Nikinyamaza, mwaka 2030 kule Ufaransa tutafanyiwa hivi hivi.

Niende kwenye kinachoniuma. Kuna chaneli tunayoipata kwenye king'amuzi mpaka ulipie kifurushi cha juu. Jina sitataja, wanaoilipia wanaijua. Kwenye mbio za kushuka mlima wa theluji kwa skii, hawa jamaa wanaonyesha washindani ishirini au thelathini wa mwanzo, kisha wanakata. Wanarudi studio, wanapiga tangazo la kubeti, au wanatuwekea marudio ya mechi ya ligi ya Uingereza ambayo mtaa mzima ulishaiona tangu Jumamosi. Kama huujui mchezo, utadhani mbio zimekwisha. Hazijaisha! Mlimani bado kuna watu wamepanga foleni wakisubiri zamu yao.

Kwa wasiofuatilia, ngoja nieleze, maana hapa ndipo penye dhuluma. Mpangilio wa kuanza kwenye raundi ya kwanza hufuata viwango vya dunia. Vigogo wote wanashuka mapema, ndani ya namba 15 za kwanza, wakati njia bado ngumu na haijachimbika. Kila anayepita anaichimba zaidi, na kwenye kona panakuwa mitaro kabisa. Wenye viwango vya chini wanashuka mwisho, kwenye mitaro hiyo hiyo. Waafrika wetu karibu wote wako huko mwisho. Kwa hiyo ukikata kwenye namba 30 kwa kisingizio cha kuokoa muda, umeifuta Afrika nzima kwenye kioo. Na wanaofanya hivyo ni kituo kinachotangaza kwa Waafrika, kwa pesa za Waafrika.

Nawapa tukio. Tarehe 7 Februari 2022, slalomu kubwa ya wanawake (mbio za skii za kupinda kupita malango ya vijiti), Olimpiki ya Beijing. Beijing iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo ilibidi tuamke Tabata yote imelala. Nilimwamsha binti yangu, wakati huo ana miaka saba, kwa sababu nilimwahidi. Jioni iliyotangulia alikuwa amechora bendera ya Madagaska kwa kalamu za rangi: mstari mweupe umesimama pembeni, nyekundu juu, kijani chini. Akaibandika kwa selotepu kwenye ukingo wa tivii. Feni inasukuma joto la kaskazi, sisi tumejikunja kwenye kochi tunatazama watu wanaotoa pumzi kama moshi kwa baridi. Tulikuwa tunamsubiri Mialitiana Clerc, aliyezaliwa Madagaska akalelewa Ufaransa, ambaye mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Madagaska kushiriki Olimpiki ya baridi.

Mikaela Shiffrin wa Marekani akaanguka sekunde chache tu baada ya kutoka langoni. Ni habari kubwa, sikatai, alikuwa bingwa wa mbio hizo tangu 2018. Wakaonyesha anguko. Wakarudia. Wakarudia tena kwa mwendo wa polepole. Kundi la vigogo lilipomalizika, wakakata, tukaletewa wachambuzi wawili mezani wanajadili kwa nini Shiffrin ameanguka, na nyuma yao lile lile anguko linazunguka kwenye skrini. Binti yangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Baba, yule wa Madagaska ameshapita?"

Nikabonyeza rimoti, nikapanda chaneli, nikashuka chaneli, hakuna. Asubuhi ndani ya daladala, nakwenda Posta, ndipo nikaona matokeo kwenye simu: Clerc alimaliza. Alishuka raundi zote mbili, akapita kila lango, akafika chini, kwenye mbio zilizomshinda Shiffrin. Sisi tulioamka usiku hatukuona hata sekunde moja. Ile bendera ilikaa kwenye tivii mpaka selotepu ikaachia yenyewe.

Nikajifariji kwamba ni mambo ya saa, studio wamechoka, wana usingizi. Haya, Italia je? Italia tunapishana nao saa mbili tu! Mbio za asubuhi kule kwetu ni mchana mweupe. Mwezi huu binti ana miaka kumi na moja, akaketi na daftari la hesabu, anaandika namba ya kifuani ya kila anayeshuka na muda wake mbele, mpaka zile sehemu za mia za sekunde. Ukurasa umejaa vizuri, mistari imenyooka. Alipofika namba 34 wakakata. Akapiga mstari chini ya 34, akafunga daftari, akaenda kumsaidia mama yake jikoni. Safari hii hakuniuliza kitu. Kule kutoniuliza ndiko kulikonikaa moyoni hadi leo.

Na asije mtu hapa akaniambia picha hazikuwepo. Picha za Olimpiki hazipigwi na vituo vyetu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliunda shirika lake la utangazaji, OBS, mwaka 2001, nalo ndilo linalopiga picha na kuzisambaza kwa kila kituo chenye haki ya kuonyesha. Kamera hazizimwi mshindi akipatikana, zinaendelea mpaka wa mwisho avuke mstari. Picha za ndugu zetu zinafika mpaka mlangoni kwa kituo, zimeshalipiwa, na mtu mmoja ameketi pale anaamua kwamba mimi na wewe hatuna haja nazo.

Jamani, sisi ni nchi ya John Stephen Akhwari! Mexico City, 1968, mbio za marathoni. Alianguka njiani, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishashinda zaidi ya saa moja kabla, giza limeingia, watazamaji wengi wameshaondoka uwanjani, ndipo Akhwari akaingia akichechemea akamalizia mzunguko wake. Alikuwa wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Maneno hayo tumelelewa nayo. Tunayo kwa sababu usiku ule kulikuwa na kamera ambayo haikuondoka na mshindi. Angekuwa mikononi mwa hawa wa king'amuzi, saa hiyo tungekuwa tunaangalia tangazo la kubeti, na Mzee Akhwari angebaki jina kwenye karatasi ya matokeo.

Hata kwenye theluji yenyewe mfano upo, tena wa hapo jirani. Philip Boit wa Kenya, Nagano 1998, kilomita 10 za skii. Mkimbiaji wa Eldoret, alipelekwa Finland kujifunza mwaka 1996, na kabla ya hapo theluji hakuwa ameiona. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway. Na Dæhlie, bingwa wa dunia nzima, akasimama pale mwisho akamsubiri, utoaji wa medali ukangoja. Wakakumbatiana. Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie. Bingwa wa Olimpiki alimsubiri Mwafrika kwenye baridi. Kituo changu, kwenye studio yenye kiyoyozi, hakiwezi kumsubiri dakika mbili.

Wale dada watatu wa Nigeria walioingia na bobsledi, kile chombo cha kuteleza kwenye njia ya barafu, mwaka 2018, timu ya kwanza ya Afrika kwenye mchezo huo, niliwaona sekunde kadhaa kwenye taarifa ya habari basi. Seun Adigun aliyekuwa anaendesha alishakimbia mita 100 kuruka viunzi London 2012. Mtu anatoka kwenye viunzi anakwenda kuongoza chombo kwenye barafu kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na hiyo kwao si habari!

Sasa niwageukie watangazaji. Hapa naomba nisieleweke vibaya, sichukii mtu kujifunza, nachukia mtu kuja kazini mikono mitupu. Kwenye baiathloni, pale Anterselva, mchezo ni skii ndefu na bunduki mgongoni, unasimama unalenga shabaha tano umbali wa mita 50. Ukilenga umelala, duara lenyewe lina milimita 45, karibu sawa na mdomo wa kikombe cha kahawa cha Kariakoo, na moyo unakudunda kwa sababu umetoka kupanda kilima. Ukikosa moja, kwenye mbio fupi unazungushwa kitanzi cha adhabu cha mita 150 kabla ya kurudi njiani. Ndiyo roho ya mchezo. Mchambuzi wetu alipoona jamaa aliyekosa anazunguka kwenye kitanzi, akasema hewani kwamba "anaonekana amepoteza njia". Amepoteza njia! Mwenzake akakubali. Wakaendelea kumwonea huruma mzunguko mzima. Mtu aliyekuwa anatazama kwa mara ya kwanza, ambaye angeupenda mchezo huu mpaka kufa, akaambiwa uongo.

Siku nyingine wakachanganya luji na skeletoni kwa nusu saa. Luji unalala chali, miguu mbele. Skeletoni unalala kifudifudi, kichwa mbele. Mtu anaona kwa macho yake! Dakika kumi za kusoma zingetosha.

Kisha watasema, kama walivyonijibu huduma kwa wateja nilipopiga mara ya pili (mara ya kwanza niliambiwa nizime king'amuzi niwashe), kwamba michezo hii "haina watazamaji kwa sababu Watanzania hawana theluji". Kwanza, Kibo ina barafu juu yake, na hata ingekuwa haina, Jamaika nayo haina, na tangu 1988 inapeleka bobsledi. Pili, njooni kwangu Tabata. Nyuma ya nyumba kuna mteremko wa udongo mwekundu unaoelekea bonde la Msimbazi. Watoto wa mtaani wanapasua madumu ya lita ishirini, wanakalia, wanateleza. Walikuwa wanafanya hivyo hata kabla ya Olimpiki, lakini wiki ile ya slalomu nilikuta wamechomeka vijiti kushoto na kulia, vimefungwa vitambaa vya rangi mbili, mmoja anapima muda kwa simu ya kaka yake, na wanagombana kama mwenzao amepita nje ya kijiti au ndani. Kanuni ya lango waliielewa wenyewe, kwa kutazama. Hao ndio mnaosema hawana hamu?

Watazamaji hawazaliwi wakiwa watazamaji. Hata ligi ya Uingereza tulizoeshwa, kwa kuonyeshwa kila wiki, mechi nzima, bila kukatwa. Hebu wakate dabi ya Kariakoo dakika ya 60 kwa sababu Yanga au Simba ameshafunga matatu, tuone kama kesho yake ofisi zao zitafunguka salama.

Mimi nalipa kila mwezi na sijawahi kuchelewa, sitaki zawadi. Kwenye king'amuzi hicho hicho kuna chaneli mbili za michezo ambazo wiki zote mbili za Olimpiki zilikuwa zinazungusha matangazo ya vipindi vyao wenyewe. Waiache picha ya OBS ipite huko mpaka mwisho, hata bila mtangazaji, hata bila neno moja la Kiswahili, sauti ya njuga za watazamaji na ya skii kwenye barafu inatosha. Na mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kusoma orodha ya kuanzia kabla ya mbio na kuzungushia kalamu majina ya Waafrika, ili ajue kwamba saa fulani haruhusiwi kugusa kitufe. Hilo haliwashindi.

Wenye king'amuzi hicho, tupige wote, tuandike wote, kila mmoja ataje siku na mbio aliyokatiwa. Mimi nimeshaandika, nasubiri jibu, nikilipata nitalibandika hapa hapa.

Na kuna ombi jingine. Mdau yeyote aliyeko nje, au mwenye ujuzi wa kupata picha hizi kihalali, kama unajua zinapopatikana mbio za slalomu kubwa ya wanawake Cortina, raundi ya kwanza, kuanzia namba 35 hadi wa mwisho, niwekee hapa. Daftari bado lina kurasa, na huyu binti anafunga shule mwezi wa tatu mwishoni. Nataka tukae tena pale kwenye kochi tumalizie.