Ailandi ya jikoni: tofali na zege, mbao au MDF?

Wa_Shangani: Wakuu habari za jioni. Jiko langu hapa Mtwara lina mita 3 kwa 3 na nusu, mama watoto kaiona ile meza ya katikati kwenye simu basi ndani hakuna amani, anataka ailandi. Nataka nijenge mwenyewe, fundi nimuite siku mbili tu. Tofali na zege juu tailizi, mbao, au MDF (ule ubao wa unga wa mbao ulioshikwa na gundi)? Aliyewahi kufanya aseme.

fundi_mwenyewe: MDF sahau mkuu. Mimi niliweka ya milimita 18, miezi ya kwanza kila mgeni anauliza umenunua wapi, kumbe kila siku tukipiga deki maji yanapenya kwa chini pale ukingo haukuzibwa, mwaka haujaisha imevimba kama andazi kwenye chai, bawaba zimeng'oka na unga wake. Ukiing'ang'ania basi inyanyue kwa miguu ya plastiki sm 10 hivi.

mbangua_korosho: Zege bwana! Tofali za inchi 5 pande mbili, slebu (bamba la zege la juu) inchi 3 na nondo za mm 10, imwagilie siku saba usiwe na haraka. Unakanda chapati, unapasua jodari, haitikisiki. Ila ukikosea kipimo hapo ni nyundo tu.

Bibi Harusi wa Ligula: Mnaongea tofali tu hakuna anayeuliza anayepika ana kimo gani 😂 Wengi wanaweka sm 90, mimi mfupi nikikanda mabega yanauma. Mwambie mkeo akunje mkono, toka kwenye kiwiko shuka kama ngumi moja na nusu, hapo ndo juu ya meza. Na mtungi wa gesi usiufungie humo ndani bila matundu ya chini, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini inasubiri kiberiti.

Lindi_Kwetu: Mbao nazo zipo, ila mninga au mkongo, hizi laini zisizotiwa dawa mchwa wanapanda kwenye ufa wa sakafu hata huwaoni. Fremu ya skwea paipu (bomba la chuma la pembe nne) kwa upepo huu wa chumvi kutu inaanzia palepale kwenye welding, piga rangi ya kutu kwanza. Ila mkuu kabla ya yote chora kwa chaki sakafuni, pikeni siku mbili mkiizunguka. Upenyo wa kupita uwe angalau sm 90.

Wa_Shangani: Mrejesho. Nimechora. Kaunta ya ukutani sm 60, friji upande wa pili sm 70, ailandi 60, nimebakiwa na 55 kila upande na mlango wa friji haufunguki wote. Mama watoto kaikanyaga chaki mara ya tatu kabeba sufuria la wali, kacheka mwenyewe. Sasa nani ana fundi wa meza nyembamba ya mninga yenye magurudumu?

mbangua_korosho: Magurudumu yenye breki lakini, jodari hana adabu.